Maprograma wa FoxPro, VB6 na Oracle Forms: mifumo inahamia kwenye wavuti, na sisi tunahamaje?

Fundi_DBF (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu kila wiki kuna kijana anauliza aanze na lugha gani. Uzi huu ni wa upande wa pili: watu wa zana za zamani za kuandikia mifumo ya ofisi, Clipper, FoxPro, VB6, Oracle Forms, na wale ndugu zetu wachache wa AS/400, kompyuta za IBM, kwenye mabenki. Nawaandikia pia wakuu wa vitengo vya TEHAMA, maana wao ndio wenye fungu.

Hali mnaijua. Mifumo mingi ya ankara, mishahara na stoo katika taasisi zetu iliandikwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, na mtu mmoja au wawili, ikawekwa kwenye seva moja na waya za LAN (mtandao wa ndani ya jengo) ziliishia ukutani. Mingine inafanya kazi mpaka leo bila kelele. Kilichobadilika ni kwamba biashara imetoka nje ya jengo. Mwaka 2017 ilipokuja GePG, mfumo wa Serikali ya Tanzania wa kupokea malipo, taasisi ya umma ilitakiwa itume bili kwenye mfumo huo, ipewe namba ya kumbukumbu ya malipo, mteja alipe benki au kwa simu, kisha taarifa ya malipo irudi yenyewe. Bili inakwenda kama XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama) yenye saini ya kidijitali. Mtu aliyezoea APPEND BLANK na REPLACE, amri za FoxPro za kuongeza na kujaza rekodi, anaamka siku moja anaambiwa habari za cheti, ufunguo wa siri na seva inayotakiwa kusikiliza usiku kucha.

Hapo menejimenti hufanya mambo mawili, yote kwa nia njema. Inampeleka mzee kwenye kozi ya siku tano hotelini, anarudi na cheti na begi. Halafu inaajiri kampuni ya vijana ijenge mfumo mpya wa wavuti. Mfumo unakuja, unapendeza, unafunguka hata kwenye simu. Baada ya miezi michache watu wa uhasibu wanaanza kupiga simu. Kuna mteja kapewa bili ya kutisha kwa sababu mita yake ya tarakimu tano ilifika 99999 ikarudi sifuri, na mfumo mpya ukatoa usomaji wa sasa kwenye wa zamani ukapata jibu la ajabu. Kuna nyumba yenye wapangaji sita na mita moja. Kuna deni la mwaka fulani ambalo bodi iliamua lisitozwe adhabu. Yote hayo yalikuwa ndani ya faili moja la PRG (msimbo wa FoxPro), mstari wa mia tatu na kitu, na mwandishi wake anakaa chumba cha pili akisubiri kustaafu. Hakuna aliyemuuliza.

Hoja yangu ni hii: yule mzee ni rahisi kumfundisha wavuti kuliko kumfundisha kijana hizo kanuni, ilimradi afundishwe kupitia kazi yake mwenyewe na kwa mpangilio unaoanzia pale anapopajua. Kozi ya lugha mpya kuanzia "andika Hujambo Dunia" inamdhalilisha na haimfikishi popote. Mtu huyu anajua kufunga mwezi wa hesabu. Anajua SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Anajua kwa nini risiti haifutwi, inatenguliwa kwa risiti nyingine. Asichokijua ni vitu vichache lakini vizito, na naviandika hapa kwa sababu sijaona kozi inayovisema waziwazi.

Kizito kuliko vyote ni hiki. Programu ya FoxPro au Forms inakaa na mtumiaji tangu asubuhi. Inajua yuko rekodi gani, imeifunga kwa RLOCK(), na hata karani akienda kunywa chai rekodi inamsubiri. Seva ya wavuti ni karani wa dirishani asiye na kumbukumbu: unauliza, anakujibu, ukirudi baada ya sekunde mbili anakuona mgeni. Kila ombi lazima lijieleze upya: mimi ni nani, nataka nini, juu ya rekodi ipi. Na huwezi kufunga rekodi ukimsubiri mtu ambaye huenda keshazima simu.

Sasa angalieni. Jibu la tatizo hilo watu wa FoxPro wanalo tayari. Waliotumia CURSORSETPROP na kuweka "Buffering" kuwa 3 au 5, yaani rekodi isifungwe mpaka wakati wa kuhifadhi, wanakumbuka amri ya kuhifadhi, TABLEUPDATE(), ikirudisha .F. (imeshindikana) kwa sababu mtu mwingine amebadilisha rekodi ile ile. Kwenye wavuti ni hivyo hivyo: unaweka safu ya toleo kwenye jedwali, unaandika UPDATE yenye sharti kwamba toleo liwe lile ulilolisoma, ukiambiwa rekodi zilizobadilika ni sifuri unamwambia mtumiaji asome upya. Nikimweleza mtu wa FoxPro hivi, anaelewa kabla sijamaliza. Nikimpa kitabu cha JavaScript anakifunga ukurasa wa ishirini.

La pili ni kuaminiana. Zamani ukiweka kizuizi kwenye skrini umemaliza, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuingiza data isipokuwa skrini hiyo (tuache yule mjanja wa kufungua DBF, faili la data la FoxPro, kwa Excel). Kwenye wavuti yeyote anaweza kutuma ombi bila kupita kwenye skrini yako. Kanuni zote zikaguliwe upande wa seva, hata kama zimekaguliwa kwenye kivinjari.

La tatu ni kwamba jambo moja linaweza kufika mara mbili. Taarifa ya malipo inatumwa, mtandao unakatika kabla hujajibu, inatumwa tena. Usipoweka sharti la upekee kwenye namba ya muamala, umempa mteja shilingi laki moja ya bure.

Kuhusu umri wa zana zenyewe sitasema mengi. Visual FoxPro 9 ilitoka 2004, Microsoft wakatangaza 2007 kwamba ya kumi haiji, na msaada ukaisha Januari 2015. Zana ya kuandikia VB6 iliachwa 2008, ingawa programu zake bado zinakimbia kwenye Windows. Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba tuhame. Mjadala ni nani anahama na nani anatupwa.

Karibuni.

---

dogo_wa_Sinza

Shikamoo wakubwa.

Mzee Fundi nimekusoma na nakuheshimu, ila naomba niseme upande wetu, maana sisi ndio tunaitwa kujenga hiyo mifumo mipya halafu lawama zinabaki kwetu.

Tulikwenda taasisi moja kuhamisha mfumo. Tukaomba msimbo. Mzee akasema upo nyumbani. Siku ya pili akasema upo kwenye diski ya nje, diski ni mbovu. Tulipoupata kulikuwa na mafolda MAUZO, MAUZO2, MAUZO_MPYA, MAUZO_MPYA_KWELI, na faili la EXE linalotumika halikutoka kwenye folda lolote kati ya hayo. Tukimuuliza kanuni ya adhabu anajibu "mfumo unajua". Hakuna Git (zana ya kutunza historia ya msimbo), hakuna maelezo, nywila ya msimamizi ni jina la mtoto wake. Huyo unataka afundishwe? Wengine wameificha kazi makusudi ili wasiondolewe. Tuseme ukweli.

---

Fundi_DBF

Marahaba dogo.

Unachosema kipo na sitakitetea. Lakini jiulize kwa nini mtu anaficha. Ameona wenzake wa mashine za kupiga chapa walivyopangiwa kazi za masjala. Ukimwendea na karatasi yenye kichwa "kubadilisha mfumo wa zamani", wewe kwake ni tangazo la kuondolewa. Akiitwa siku ya kwanza kwenye kikao cha mahitaji, akapewa jina kwenye mradi na sehemu yake ya kuandika, diski ile "mbovu" inapona yenyewe. Nimeliona hilo zaidi ya taasisi moja.

Na Git liwe somo la kwanza kabisa, kabla ya HTML, kabla ya chochote. Achukue yale mafolda manne ayaweke humo moja baada ya jingine kwa tarehe, aone tofauti kati ya MAUZO2 na MAUZO_MPYA mstari kwa mstari. Mafaili ya PRG ni maandishi matupu, Git inayasoma vizuri. (Mafomu ya SCX ni shida, yako kwenye muundo wa DBF, kuna zana ya bure inaitwa FoxBin2Prg inayoyageuza kuwa maandishi.) Programa wa miaka hamsini akiona kwa mara ya kwanza ni nani alibadilisha mstari gani na lini, huhitaji tena kumshawishi.

---

MamaLaravel

Naomba niongee kama mwanamke wa miaka hamsini na ushee niliyetoka VB6 na Access.

Lugha si tatizo. PHP niliielewa haraka, kitanzi ni kitanzi. Kilichonitesa ni wingi. VB6 ulikuwa unafungua kitu kimoja, unachora fomu, unabofya kitufe mara mbili, unaandika, unabonyeza F5, inafanya kazi. Kwenye wavuti kuna HTML, CSS, JavaScript, PHP, SQL, seva, Composer na npm za kupakua vipande vya msimbo, na kila kimoja kina toleo lake na hasira zake. Ukikosea huambiwi umekosea wapi. Skrini inakuwa nyeupe tu.

Ushauri wangu kwa wenzangu: msianze na React wala Vue, zana za JavaScript za kuchora ukurasa ndani ya kivinjari. Chukueni kitu kinachotengeneza ukurasa mzima kwenye seva, Laravel au Django, fomu za kawaida za HTML, kitufe kinatuma, seva inajibu. Hapo unahisi uko nyumbani. Laravel nimeichagua kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: hapa mjini watu wanaoijua ni wengi, nikikwama napiga simu.

Na JavaScript mkifika, jambo moja liwekwe mbele: haisubiri. VB6 ukiita hifadhidata, mstari unaofuata hausogei mpaka majibu yarudi. JavaScript inatuma ombi na kuendelea na mstari unaofuata mikono mitupu. Unaangalia jumla, unaona haina kitu, unadhani hesabu yako mbovu. Bila kuelewa async na await, maneno ya kuiambia isubiri, utalaani kompyuta bure.

Kingine: jifunzeni F12. Fungua kivinjari, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao, kisha tumia mfumo wowote unaoufahamu na uangalie kila ombi linavyotoka na linavyorudi. Kwangu hiyo ilifundisha kuliko darasa.

---

dogo_wa_Sinza

Mama heshima yako, ila matangazo yote ya kazi yanataka React.

---

MamaLaravel

Mwanangu, mimi sitafuti kazi kwenye matangazo. Nina kazi. Nataka mfumo wa stoo ufunguke Tunduru bila mtu kusafiri na flashi.

---

Nguzo400

Niko benki, upande wa AS/400, ambayo siku hizi inaitwa IBM i. Ilitangazwa Juni 1988, na lugha yetu ya RPG asili yake ni 1959, enzi za kadi za kutoboa. Ndiyo maana watu wakiona msimbo wa zamani, kila herufi lazima ikae kwenye safu yake, wanakimbia.

Kwetu hoja ni tofauti kidogo na ya Fundi. Hatuhami. Mashine haijafa, IBM wanaitunza, na programu inayokokotoa riba imekaguliwa na wakaguzi kizazi hadi kizazi. Kuiandika upya ni kutafuta balaa. Tunachofanya ni kuizungushia mlango. IBM i ina huduma ya kuchukua programu ya RPG yenye vigezo vya kuingia na kutoka, ikaitoa kama huduma ya REST, yaani inayoitwa kupitia anwani ya wavuti. Vijana wa programu ya simu wanaita anwani, wanapata JSON (data iliyopangwa kama maandishi), hawajui wala hawahitaji kujua nyuma kuna nini.

Lakini hapo ndipo tulipogundua nani anajua na nani anakariri. Ili programu iitwe hivyo lazima hesabu itenganishwe na skrini. Programu nyingi za zamani zimechanganya: unasoma skrini, unakokotoa, unaandika faili, unarudi kwenye skrini, yote ndani ya kitanzi kimoja cha mistari elfu nne. Kuichambua hiyo ndiyo shule yenyewe. Mzee aliyefanya hivyo kwa programu tatu anakuwa ameshajifunza nusu ya ubunifu wa huduma za wavuti bila kugusa lugha mpya.

Halafu RPG yenyewe imebadilika. Tangu 2001 hesabu zinaandikwa huru bila kujali safu, na 2013 matamko nayo yakafunguliwa. Ninao wenzangu wanaoandika RPG ya mwaka 1985 kwenye mashine ya mwaka jana. Kuwahamisha kutoka SEU, kihariri cha msimbo cha skrini ya kijani, kwenda VS Code, kihariri cha kisasa, ni hatua ndogo, ila inafungua macho: wanatumia zana ile ile na vijana wa upande wa pili, wanaanza kukaa meza moja.

---

PLSQL_Dodoma

Nimefurahi Oracle Forms imetajwa maana sisi tunasahaulika, tunaonekana "bado tuko kisasa".

Forms haijafa, lakini vivinjari vilitukata miguu. Ilikuwa inakimbia kama apleti, programu ndogo ya Java ndani ya kivinjari. Chrome wakaondoa msaada wa programu jalizi hizo 2015, Firefox wakafuata Machi 2017, Java 11 ya 2018 ikaja bila apleti kabisa. Taasisi zikaanza kutunza kompyuta zenye Internet Explorer kama dawa ya nyoka. Njia za kuzindua Forms bila kivinjari zipo, zinafanya kazi, ila hakuna meneja anayetaka kusikia.

Sisi tulichofanya kinaweza kusaidia wengine. Hatua ya kwanza hatukugusa wavuti. Tulichukua triga za kwenye fomu (msimbo unaojiita tukio likitokea), WHEN-VALIDATE-ITEM, PRE-INSERT na ndugu zake, tukahamishia kanuni zake kwenye pakeji za PL/SQL, lugha ya Oracle, ndani ya hifadhidata. Fomu ikabaki inaita pakeji tu. Mtumiaji hakuona tofauti yoyote, kazi iliendelea. Baada ya hapo skrini mpya za APEX, zana ya Oracle ya kujengea kurasa za wavuti, zikaita pakeji zile zile. Kwa muda fomu ya zamani na ukurasa mpya vilikuwa vinaandika kwenye jedwali moja kwa kanuni moja, na tukawa tunazima fomu moja moja.

APEX haina malipo ya ziada ukishakuwa na hifadhidata ya Oracle, na mtu wa Forms anaishika upesi kwa sababu moyo wake ni SQL na PL/SQL. Onyo: ukibaki hapo tu, umebadilisha chumba, hujatoka nyumbani kwa Oracle. Wenzetu wawili tuliwasukuma wajifunze na REST, ili siku moja wakitoka wasionekane wa kampuni moja.

Kuhusu kufunga rekodi aliyosema Fundi: Forms kwa kawaida inafunga rekodi mara tu unapoanza kuibadilisha. APEX haifungi, inalinganisha unapohifadhi, ikikuta data imebadilika inakataa. Watumiaji wetu walilalamika wiki za mwanzo kwamba mfumo "unakataa kazi". Ikabidi tuwaeleze makarani nao, si maprograma peke yao.

---

Mkuu_wa_Kitengo

Nawasoma kwa makini maana mimi ndiye mwenye fungu aliyetajwa juu, na fungu lenyewe ni dogo.

Mnasema kozi za hotelini hazifai. Nakubali. Ila nikimwambia mtumishi ajifunze hapa hapa ofisini, hakuna posho. Nikimpeleka Morogoro siku tano, posho ipo. Mtachagua nini? Na nikimtoa nusu siku kila wiki, nani atashughulika na printa ya mhasibu mkuu isiyotoa karatasi?

---

Fundi_DBF

Mkuu, umegusa penyewe. Suala la printa litatue kwanza, sifanyi mzaha. Programa anayeitwa kila saa kwa ajili ya printa hatajifunza chochote hata ukimpa mwaka. Mpe kazi hiyo mtu mwingine, hata awe mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Kuhusu posho sina dawa kamili. Ninachoona kinasaidia ni kuingiza moduli yenyewe kwenye malengo yake ya mwaka kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma: asiandike "kuhudhuria mafunzo", aandike "ukurasa wa orodha ya wadaiwa unafanya kazi na unatumiwa na ofisi za kanda". Na mkataba na mzabuni useme wazi kwamba mtumishi wako anaandika sehemu fulani ya mfumo pamoja nao, msimbo unakaa kwenu, na malipo ya mwisho hayatoki mpaka mtumishi huyo aweze kurekebisha kitu mbele yako bila wao. "Kuhamisha ujuzi" ikiandikwa kama kifungu cha sentensi moja mwishoni mwa mkataba, huishia kwenye slaidi.

---

Msee_wa_Nairobi

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu kilichosukuma watu si mfumo wa bili wa Serikali, ni M-Pesa. Wenye maduka ya jumla na shule walikuwa na mifumo ya VB6 na FoxPro, mzazi analipa kwa simu, karani anasoma ujumbe kwenye simu ya ofisi na kuandika kwa mkono. Safaricom walipofungua Daraja, lango la mifumo kuunganishwa na M-Pesa, 2017, ukawa unaweza kupokea taarifa ya malipo moja kwa moja kwa JSON. Halafu KRA, mamlaka ya kodi, wakaja na eTIMS, mfumo wa ankara za kodi, sasa hata ankara ya duka lazima izungumze na seva ya mbali.

Nataka kuongeza jambo ambalo hamjalisema. Msikimbilie kuandika upya kila kitu ili tu mpokee malipo. FoxPro na VB6 zote zinaweza kutuma ombi la HTTP, lugha ya wavuti, kwa kutumia kile kijenzi cha Windows cha MSXML2.ServerXMLHTTP. Mistari kama kumi hivi. Kwa kupokea, weka huduma ndogo ya PHP au Python nje, iandike malipo kwenye jedwali, mfumo wa zamani uje usome kila baada ya dakika. Jamaa niliyemsaidia alijifunza HTTP kwa njia hiyo, ndani ya FoxPro yake, bila mtu kumwambia yeye ni wa zamani.

Kizingiti utakachokutana nacho: programu yenyewe haina kasoro, lakini inakaa kwenye Windows Server 2003, na hiyo haijui TLS 1.2, usimbaji wa kulinda mawasiliano. Ombi linakataliwa na hupati maelezo ya maana. Hapo usilaumu FoxPro, hamisha mashine.

---

Kijiko_Mwanza

Wakuu nina swali la kazi, si la falsafa. Duka la dawa la jumla, FoxPro, majedwali yana umri wa miaka mingi. Boss anataka matawi yaone stoo kupitia simu. Niko peke yangu, nina miaka 47, sijawahi kuandika ukurasa hata mmoja. Jumatatu naanza na nini?

---

Fundi_DBF

Kijiko, anza na ukurasa wa kusoma tu. Usiandike chochote kwenye data kwa sasa. Tengeneza kazi ya usiku inayonakili majedwali ya bidhaa na stoo kutoka DBF kwenda PostgreSQL au MySQL, halafu ukurasa mmoja: kisanduku cha kutafuta, jina la dawa, idadi, tawi. Hapo boss ana kitu cha kuonyesha na wewe huwezi kuharibu hesabu ya mtu.

Kwenye kunakili ndipo utakutana na mambo ambayo kijana wa kampuni asingeyajua, kwa hiyo yasome vizuri.

FoxPro haifuti rekodi, inaitia alama tu mpaka ufanye PACK, amri ya kuziondoa kabisa. Mfumo wako bila shaka una SET DELETED ON, amri ya kuzificha, mahali fulani, ndiyo maana huzioni. Zana nyingi za kunakili DBF hazijali alama hiyo. Utaona dawa ulizofuta mwaka juzi zimefufuka zikiwa na stoo kamili.

Maneno kwenye DBF yanajazwa nafasi hadi mwisho wa safu. "PANADOL" yako ina nafasi ishirini nyuma. Zikate wakati wa kunakili, la sivyo utafutaji utakuchezea.

Na utafutaji wenyewe: FoxPro ikiwa na SET EXACT OFF (ikilinganisha herufi za mwanzo tu), "AMOXICILLIN" = "AMOX" ni kweli. Umezoea hivyo bila kufikiri. SQL ya kawaida itakwambia si kweli. Tumia LIKE 'AMOX%'.

Tarehe tupu ya FoxPro igeuze kuwa NULL, yaani haina thamani. Bei usiiweke kwenye float (namba ya kukadiria), iweke kwenye numeric (namba kamili ya desimali). Angalia pia kama kuna jedwali linakaribia GB 2, huko ndiko mwisho wa DBF, na likifika hapo utakuwa na dharura badala ya mradi.

---

dogo_wa_Sinza

Hilo la rekodi zilizofutwa... mzee, kuna wateja mia kadhaa kwenye mfumo tuliojenga ambao taasisi inadai hawapo na sisi tunasema wapo kwenye data yenu. Tumebishana nao kwa barua.

---

Fundi_DBF

Wamefutwa tangu zamani hao. Fungua DBF yenyewe, angalia baiti ya kwanza ya kila rekodi: nafasi tupu ni hai, nyota ni iliyofutwa. Linganisha na orodha mnayobishania kabla hamjaandika barua nyingine.

---

Kijiko_Mwanza

Nimeelewa ukurasa wa kusoma. Na matawi yakianza kutaka kuuza kupitia huo ukurasa?

---

PLSQL_Dodoma

Hapo usirukie. Endesha mifumo miwili sambamba, tawi moja dogo tu liuze kwenye mpya, na kila jioni linganisha stoo na fedha za pande zote mbili. Tofauti yoyote, hata shilingi moja, ielezwe kwa maandishi imetoka wapi kabla ya kuongeza tawi la pili. Mara nyingi itakuwa ni kukadiria senti au bei iliyobadilishwa katikati ya siku. Daftari hilo la tofauti litunze, ndilo litakalokuwa maelezo ya mfumo ambayo hayakuwahi kuandikwa.

---

MamaLaravel

Na Kijiko, mtafute kijana mmoja wa kukaa naye hata jioni mbili kwa wiki. Dogo wa Sinza yupo hapa, anadaiwa.

---

dogo_wa_Sinza

😂 Nimekubali. Kijiko nitumie ujumbe faraghani. Mimi nitashika seva na Git, wewe unifundishe kusoma hizo PRG, maana ninazo faili kumi na moja hapa sijui hata zinaanzia wapi.

---

Kijiko_Mwanza

Tafuta yenye READ EVENTS, amri ya kuifanya programu imsubiri mtumiaji. Hiyo ndiyo inayoanza.